Mwosha Mkate Hula Uji

Mwosha mkate hula uji. Wekeni vikombe chini, enyi watoto wa kidato cha kwanza, mpokee urithi wa mababu. Methali hii ilianza hivi: zamani za kale, kabla babu wa babu zenu hajaota ndevu...

Basi, ilikuwa mwaka ule wa Corona. Mlikuwa darasa la tano. Lakini mimi ndiye mzee wa bweni hili, nina miaka kumi na saba, na mzee hakatizwi.

Palikuwa na bwana mmoja mjini Voi, jina lake Mwadime, mtunza stoo wa hoteli ya watalii. Watalii walipotoweka, naye akarudishwa nyumbani. Humo nyumbani alikuwamo mama yake, Nyanya Mghoi, aliyeshuka kutoka Wundanyi, huko milimani, kutibiwa macho. Mwadime akamzuia asirudi, kwa kuwa magari yalijaa watu na ugonjwa ule uliwapenda wazee. Kila Nyanya alipokohoa, moyo wa mwanawe uliruka kama chura.

Kabla ya hapo, Mwadime alikuwa mtu wa supamaketi. Juisi ya boksi, biskuti za bati, maji ya chupa. Sasa akageuka afisa wa forodha wa mlango wake mwenyewe. Ndoo yenye bomba ilisimama kizingitini. Viatu vililala nje. Machungwa yalioshwa kwa sabuni, vitunguu vikaoshwa, mayai yakasuguliwa moja moja kama watoto wa kwenda kanisani Jumapili. Noti zilianikwa kambani pamoja na soksi.

“Mwadime, mwanangu,” Nyanya aliuliza, “zamu yangu ya kuanikwa ni lini?”

“Mama, ni kwa usalama wako.”

“Usalama nimeuona. Mkate wangu wa saa kumi ndio sijauona.”

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake la pekee. Alivumilia barakoa, alivumilia kukaa bila wageni, lakini chai ya saa kumi ilitaka mkate. “Siku itakayokuja mikono mitupu,” alisema, “nitashika bakora yangu nipande Wundanyi kwa miguu.” Na Nyanya Mghoi hakuwa mtu wa maneno matupu, aliwahi kumsusia askofu kwa sababu ya wimbo mmoja.

Alasiri moja Mwadime alimtuma dukani binti yake, mtoto mwenye adabu na sura ya malaika. Akarudi na nusu mkate, karatasi yake imefunguliwa. Alieleza kwa upole kwamba mkate umeadimika na mwenye duka anaukata nusu kwa nusu.

Mwadime aliushika kwa ncha za vidole. Umekatwa? Kwa kisu gani? Kilichoshikwa na nani? Aliona kingo zake zimepindapinda, akajua kisu chenyewe ni butu. Duka lingine halikuwapo karibu, na saa kumi ilikuwa inabisha. Kumpa mama mkate ule aliogopa; kumnyima aliogopa zaidi, maana alimwona tayari yuko barabarani, peke yake, katikati ya umati wa mji wa Mwatate, njiani.

Akajifungia jikoni. Sabuni hailiwi, alifikiri, lakini maji ya moto yenye chumvi kidogo hayajamdhuru mtu. Akamimina maji kwenye beseni, akautosa mkate, akausugua taratibu.

Mkate ukafikiri kidogo. Kisha ukaacha kuwa mkate.

Mwadime aliingiza mikono yote miwili kuuokoa. Alichotoa kilimpita katikati ya vidole. Hapo ndipo mlango uliposukumwa na bakora.

“Unafua nini?”

“Mama... nauosha mkate.”

Nyanya alisogea, akachungulia beseni kwa macho yake mabovu. Mwadime aliikodolea macho ile bakora, akaona safari ya Wundanyi imeshaanza.

“Na ukishaukamua,” Nyanya aliuliza, “utauanika kwenye kamba ipi? Ya noti au ya soksi?”

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la makaa, na Mwadime, aliyekuwa hajacheka tangu hoteli ifungwe, akaketi sakafuni akacheka naye, mkate ukimchuruzika viwikoni. Nyanya akauchuja ule mchanganyiko, akaongeza maziwa na sukari, akauchemsha.

“Kunywa,” alimwambia mwanawe. “Mwosha mkate hula uji. Ukikinga kitu kupita kiasi, unakimaliza mwenyewe. Mimi pia usinisugue sana, baba, nitayeyuka.”

Kesho yake alimfundisha kuoka mkate wa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Wa kwanza uliungua, wa pili ukawa jiwe, wa tatu ukagombaniwa. Mwadime hakurudi tena kwa juisi za boksi. Alipanda mapasheni ya juisi kando ya ukuta. Ndoo ya mlangoni ingali pale, kamba ina nguo tu. Na kila Jumamosi Nyanya, ambaye hajapanda Wundanyi mpaka leo, hupata mkate wa moto. Ndiyo maana wahenga, yaani Nyanya, walisema...

Nini, Nekesa? Mkono chini. Haya, uliza.

“Dada Mkawasi, kisu butu hukata kwa kupindapinda?”

Visu vingine.

“Kikaacha alama za meno? Na huyo mtoto mwenye sura ya malaika anaitwa nani?”

Acheni kucheka. Acheni, matroni atasikia. Sawa! Mwenye duka hana kosa. Aliniuzia mkate mzima. Nilianza na pembe moja tu, kuonja. Nusu yote niliimaliza nyuma ya tangi la maji la jirani, tena bila kunawa mikono.

Lakini methali ni methali. Mwosha mkate hula uji. Mng'ata mkate alikuwa ameshashiba.