Shungi la Kororo na Upara wa Kanga

Zamani kanga alikuwa na nywele. Msinicheke. Najua mmemwona akikatiza shambani na kichwa chake kitupu kama kokwa la embe lililonyonywa, na kile kipembe katikati, mkadhani aliumbwa hivyo. Hakuumbwa hivyo. Alikuwa na nywele ndefu zilizomfika mabegani, na mdogo wake Kororo alikuwa nazo kama hizohizo, maana walikuwa ndugu wa kiota kimoja. Kororo ni yule ndege anayefanana na kanga kwa kila kitu isipokuwa kichwani, ambako ana shungi jeusi lililotuna na kujikunja kama la mwanamke aliyetoka saluni sasa hivi. Wengi wenu hamjawahi kumwona. Hilo nalo lina sababu yake.

Siku hizo ndege wote wanaotembea chini waliishi pamoja ukingoni mwa msitu. Kiangazi kilipoingia walikwenda bwawani kunywa maji kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Aliyetangulia ndiye aliyeijua njia, ndiye aliyesimama na kusikiliza kama kuna mbweha nyasini, na ndiye aliyekunywa kwanza, maji yakiwa bado hayajatibuliwa na miguu ya watu. Huyo alikuwa Kanga. Hakuna aliyemchagua. Mama yao alipochukuliwa na mwewe, asubuhi iliyofuata Kanga alitoka mbele na mdogo wake nyuma, wengine wakafuata, ikawa hivyo. Kororo alikuwa kifaranga bado. Kanga alimlea, akamfundisha kuchakura, akamchana nywele kila kulipokucha. Kwa hiyo nafasi ile ya mbele haikuwa jambo dogo kwake. Ndiyo pekee aliyoipata katika ule msiba, na aliishika kama mtu anavyoshika kitu alichokilipia.

Shida ya nywele zao ilikuwa kiangazi. Msimu wa baridi zilikaa vizuri, lakini jua likianza kuchoma kichwa kilitoa jasho, jasho likachanganyika na mafuta ya nyonyo ambayo ndege wote waliyapaka kwa kuamini kwamba kinachong'aa ndicho kizuri, na nywele zikalala. Zililala kabisa. Zilishika fuvu, zikagawanyika vijinjia vijinjia, ngozi ikaonekana katikati. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa hivyo, hakuna aliyejali sana. Ubaya ukiwa wa wote huitwa hali ya hewa.

Kisha kikaja kiangazi ambacho Kororo alitokea asubuhi mstarini na nywele zilizosimama. Hazikusimama kama miiba. Zilisimama kwa ulaini, zimejaa, zina hewa ndani yake, na alipotembea zilitikisika nyuma kidogo ya hatua zake. Mstari mzima ulisimama.

"Hebu geuka," alisema Kwale, ambaye hakuna habari iliyowahi kumpita bila kulala kwake kwanza. "Hizo nywele ni zako?"

"Za nani tena?"

"Umezifanyaje, shoga?"

"Sijafanya kitu," alisema Kororo, akiangalia pembeni kama mtu aliyechoshwa na maswali. "Ndivyo nilivyozaliwa."

"Nilikuwepo ulipozaliwa," alisema Kanga kutoka mbele. "Ulikuwa na upara."

Walicheka wote, na Kanga alicheka pamoja nao. Kororo hakucheka.

Sasa ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Kororo alikuwa akichakura chini ya gogo kubwa lililoungua siku nyingi nyuma, jivu likamwagikia kichwani, na alipolikung'uta aliona mafuta yameondoka nalo. Jivu baridi linayanywa mafuta. Ndiyo siri yote, hakuna uchawi. Kuanzia hapo kila alfajiri alikwenda kwenye gogo lake, akanyunyizia jivu laini kwenye mashina ya nywele, akasubiri, akainamisha kichwa chini miguuni na kukikung'uta, kisha akazifunga nywele utosini kwa ukili mpaka jua lilipopanda. Mafuta aliacha kabisa kuyapaka kwenye ngozi. Aliyagusisha ncha tu. Halafu alizifungua, akazipenyezea vidole vya mguu, akaja mstarini kuzaliwa hivyo.

Kwa nini hakusema? Mngemuuliza angewaambia hakuulizwa vizuri. Lakini maisha yake yote alikuwa ameitwa mdogo wake Kanga. Watu walimkuta njiani wakamuuliza, "Dada yako hajambo?" Ile asubuhi ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia ageuke aonekane. Aliionja, ikamkaa mdomoni. Na alijua jambo moja ambalo wengine walikuwa wamelisahau: nywele za dada yake ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote. Zikisimama zile, za Kororo zitarudi kuwa nywele za mdogo wake Kanga.

Kanga naye alianza kuona mabadiliko, kwanza nyuma yake. Kiongozi wa mstari haangalii nyuma, anasikiliza, na alichosikia ni kwamba hatua zilikuwa hazimfuati vizuri. Walikuwa wakisogea kwa Kororo. Mmoja alitaka kutembea nyuma yake aone zinavyotikisika, mwingine pembeni yake aulize. Mstari ulianza kupinda. Siku moja walipofika bwawani Kwale alimwambia Kororo, bila hata kufikiri, "Karibu, kunywa wewe kwanza," na Kororo akanywa. Kanga alikunywa wa pili. Maji yalikuwa na tope kidogo. Pengine hayakuwa na tope, lakini yeye aliliona.

Wivu, nyie, haukumjia Kanga kama hasira. Ulimjia kama kuhesabu. Alijikuta akikumbuka kila funza aliyemwachia mdogo wake, kila usiku wa mvua aliomfunika kwa bawa. Alikitazama kile kichwa alichokichana kwa miaka akakiona kama mali yake iliyoibwa na kupewa mtu mwingine. Usingizi ulimpungukia. Akimwona Kororo anacheka, alidhani anachekwa yeye.

Jioni moja, wakiwa wamepanda tawini, alijishusha akauliza.

"Mdogo wangu. Unatumia nini?"

"Situmii kitu."

"Sema tu. Mimi na wewe hatuna siri."

Kororo alizitazama nywele za dada yake zilizolala kama nyasi zilizokaliwa na ng'ombe. Angeweza kusema. Angeweza hata kunyamaza. Alichofanya ni kusema kwa sauti laini kabisa, sauti ya upendo, "Ongeza mafuta, dada. Nywele zako zina kiu."

Kanga akaongeza mafuta. Alipaka asubuhi, akapaka mchana jua likiwaka, akayasugua mpaka kwenye ngozi. Nywele zikawa utando mmoja mweusi ulioganda kichwani. Vumbi lilinata, nzi wakamfuata, na mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye kope. Alipochukua nafasi yake mbele ya mstari, Kwale alishindwa kujizuia.

"Da Kanga, mvua imekunyeshea wewe peke yako? Tuonyeshe ilikonyeshea na sisi tukanywe."

Mstari wote uliangua kicheko. Kanga aligeuka kumtafuta mdogo wake, si kwa lolote, kwa mazoea tu, kama unavyotafuta mtu wako watu wanapokucheka. Akamwona Kororo ameficha uso bawani, mabega yanatikisika.

Hapo ndipo alipojua kwamba ameshauriwa vibaya kwa makusudi.

Kesho yake alimfuata alfajiri, kwa mbali, nyayo kwa nyayo. Alimwona ameinama kwenye gogo. Aliliona jivu likimwagwa kichwani, kikakung'utwa, kikafungwa. Hakungoja zaidi. Kama angesogea angeona kwamba jivu lile lilikuwa kuukuu, limelala na umande, baridi kama udongo wa chini ya mtungi. Lakini mwenye wivu akishaona nusu ya jambo hujiona ameliona lote, na ile nusu nyingine humalizia kwa hasira.

Tena hakulitaka jivu la gogo lile. Angelichukua vipi, kila mtu aje aseme kwamba amemwiga mdogo wake? Alitaka lililo bora zaidi. Wakulima ng'ambo ya kijito walikuwa wamechoma shamba jipya jana yake, na kutoka pale alipokuwa aliliona jivu limelala chungu nzima, jeupe, laini kuliko unga. Alijiambia: kama jivu kuukuu limefanya vile, jipya litafanya mara mbili. Akavuka kijito mbio.

Kororo alimwona. Alikuwa juu ya gogo lake, nywele zimefungwa utosini, na alimwona dada yake akikatiza kwenye nyasi akielekea kule kulikokuwa bado kunatoa moshi mwembamba. Alijua mara moja anakwenda kufanya nini. Alijua pia kuna nini chini ya jivu jeupe la jana. Sauti yake ingefika; kijito chenyewe kilikuwa cha kurukwa. Alihitaji kusema "Ngoja lipoe," basi. Akafungua mdomo. Kisha akaliona shungi la Kanga jinsi litakavyokuwa, kubwa, zito, limesimama mbele ya mstari, na watu wanauliza tena, "Dada yako hajambo?" Akaufunga.

Aliufunga kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko ninavyoeleza. Lakini Kanga alikuwa na haraka.

Aliinama, akatia kichwa chote kwenye lile jivu kama mtu anayezamia maji. Chini yake makaa yalikuwa mazima. Na kichwa chenyewe, kumbukeni, kilikuwa kimelowa mafuta ya siku nzima. Kiliwaka kama utambi.

Ule ukelele ulimtoa Kororo juu ya gogo kabla hajaamua kutoka. Aliruka kijito, akaingia na miguu yake kwenye makaa, akampiga dada yake kwa mabawa, akampepea, akamburuta mpaka nje. Jivu lilipaa kama wingu na cheche zikawamwagikia wote wawili, na kila ilipoangukia cheche kwenye manyoya yao meusi pakabaki kidoa cheupe. Moto ulipozimika Kanga alikuwa hana unywele hata mmoja. Uso ulikuwa umevilia bluu, mashavu yamening'inia mekundu, na utosini palikuwa na kidonda kilichokuja kukauka na kuinuka kikawa pembe. Macho ya Kororo yalikuwa mekundu kwa moshi. Yeye alisema ni moshi.

"Jivu lazima lipoe," alisema Kororo akilia, akiongea mbiombio. "Unalinyunyizia kwenye mashina, unasubiri, unainama, unakung'uta, halafu unafunga juu. Mafuta usipake kwenye ngozi. Jivu lipoe kwanza, dada. Lipoe kwanza."

Aliyasema yote. Kwale, aliyekuwa amefika mbio kwa sababu ukelele ni habari, aliyasikia yote na kuyahifadhi.

Kanga alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaniona nikienda?"

Kororo aliendelea kumkung'uta jivu mgongoni.

"Ungesema," alisema Kanga.

Kulipokucha alikwenda kusimama mbele ya mstari akiwa na kile kichwa. Hakukifunika. Ndege walitazamana, kisha wakajipanga nyuma yake, mstari umenyooka kama uzi, maana njia ya bwawani alikuwa akiijua yeye, na mbweha hajawahi kuzuiwa na nywele. Kororo alikuja akasimama mwisho kabisa. Shungi lake asubuhi ile lilikuwa limesimama kuliko siku zote; hakulifunga wala kulifungua, lilikataa tu kulala. Hakuna aliyemwambia ageuke. Walipopita kwenye miti minene alichepuka kidogo kidogo, akaingia msituni, na Kanga, ingawa kiongozi haangalii nyuma, aliangalia.

Na tangu siku hiyo kanga hana nywele, na hutembea kwenda majini kwa mstari mmoja, kichwa kitupu mbele na vichwa vitupu vya wanawe nyuma. Kororo anazo, nzuri mno, na anaishi nazo ndani ya msitu mnene ambako hakuna wa kuziona, na macho yake hayajaacha kuwa mekundu. Kuku na kwale na ndege wote wa chini, siku za joto, huchimba shimo la vumbi lililopoa kama jivu la Kororo, wakajimwagia, wakakung'uta, mafuta yakaondoka. Wanamshukuru Kwale kwa kushindwa kunyamaza. Nanyi mkimwona mwenzenu kiangazi hiki nywele zimemjaa kichwani naye anasema amezaliwa hivyo, basi sawa, amezaliwa hivyo.

Kanga pia huoga vumbi. Huoga kila siku ingawa hana cha kukisimamisha. Na jua likielekea kuzama hupanda juu ya kichuguu, akageukia upande wa msitu, akaita kwa sauti ile kali ya vipande viwili ambayo mmeisikia tangu utotoni mkadhani ni kelele tu. Sikilizeni vizuri leo jioni. Anamwita mdogo wake: *Se-ma! Se-ma! Se-ma!*

Msituni huwa kimya.