Kona Waliyopewa Isuvi

Krrr-kah! Krrr-kah! Krrr-kah!

Vijana wa timu ya roboti waliusikia mlio huo kabla hawajaona chochote. Ulitoka nyuma ya turubai lililogawanya ukumbi, upande ilikokaa timu watakayoungana nayo kwenye mchezo wa alasiri. Wakatazamana, wakacheka.

"Hiyo ni roboti au mashine ya kukoboa?" mmoja akauliza.

"Wakija tuwaambie wakae kona," mwenzake akajibu. "Sisi tutacheza peke yetu."

Mama Mwakalinga, mlezi wao, alikuwa ameinamia gurudumu akikaza skrubu. Hakuinua kichwa.

"Mwenzi usimpe kona kabla mwendo hujaona," akasema.

Vicheko vikakatika. Methali hiyo walikuwa wakiisikia kila mashindano, lakini hakuna aliyewahi kuuliza imetoka wapi. Siku hiyo wakauliza. Mama Mwakalinga akaweka bisibisi chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kaeni basi. Neno hili lina mwenyewe, na lilimtoka kwa uchungu. Lilianza hivi."

Palikuwa na kijana wa Shule ya Ufundi Ikombo, jina lake Anyisile, nahodha wa timu ya roboti. Alikuwa kidato cha tatu, mwembamba, na hakujua kutulia. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, alitembea. Akila, mkono wa pili ulichora njia za roboti kwenye vumbi la meza. Mambo mengi ya mota na nyaya alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa kufungua redio mbovu za watu na kuzirudisha zikiwa zinaimba. Alijua, na alijua kwamba anajua.

Timu yake ilikuwa na chumba kimoja tu cha kufanyia kazi, na chumba hicho kilikuwa hatarini. Mahindi ya shule yalikuwa yamelundikwa nje ya jiko, yamefunikwa turubai, na mvua za Rungwe hazina huruma na turubai. Mkuu wa shule aliwaita, akasema bila kupandisha sauti:

"Miaka miwili mmekaa na chumba kile hamjaniletea hata cheti. Mahindi yanaoza, na wanafunzi wanakula mahindi, hawali roboti. Mkifuzu kwenda mashindano ya taifa Dodoma mwaka huu, chumba ni chenu. Msipofuzu, magunia yanaingia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Anyisile alipoyapita magunia yale aliona kama yamesogea hatua moja kuelekea mlangoni kwake.

Mashindano yalifanyika Mbeya mjini. Uwanja ulikuwa mraba wenye kuta fupi za mbao, na mipira sitini imetawanywa ndani. Roboti mbili zilicheza upande wa bluu, mbili upande wa nyekundu. Kila upande ulikuwa na kapu lake mwishoni mwa ukuta mrefu, mdomo ukigusa sakafu, na kila mpira ulioingia ulikuwa pointi mbili. Mechi ilikuwa dakika tatu. Fainali ilikuwa mechi mbili, pointi zikijumlishwa, na timu zote mbili za upande utakaoshinda zingekwenda Dodoma. Mwenzako hukumchagua. Ulipewa kwa kura.

Ikombo walifika fainali, na kura ikawapa Isuvi, wacheze pamoja upande wa bluu.

Isuvi ilikuwa sekondari ya kutwa, juu milimani. Roboti yao ilikuwa na kiwiliwili cha mbao za msonobari, magurudumu ya kiti cha wagonjwa kilichokufa, na mbele imefungwa bati lililokunjwa kama kizoleo cha taka. Nahodha wao alikuwa Tumpale, msichana mfupi, mpole wa maneno.

Ulikuwepo utaratibu mzuri pale: kabla ya fainali kila timu ilipewa muda wa kuiendesha roboti yake kwenye kiuwanja cha kando, na wenzao wangeweza kwenda kuitazama. Zamu ya Isuvi ilipofika, Subilaga, aliyekuwa mwendeshaji wa roboti ya Ikombo, akamwita nahodha wake.

"Anyi, wenzetu wanajaribu. Twende tukaone."

"Nikaone nini? Mbao nimeshaziona."

"Mwendo hauonekani kwenye mbao, kaka."

"Subi, niache. Hizi dakika nazihitaji."

Akabaki mezani na vizibo vyake vya soda. Ndivyo alivyopanga mechi: vizibo vilikuwa roboti, meza ikawa uwanja, na sekunde zote mia na themanini alikuwa ameziandika daftarini, kila moja na kazi yake. Goti lilikuwa likicheza chini ya meza mpaka vizibo vikawa vinatetemeka.

Baadaye zilifuata dakika kumi za wenza kukaa pamoja na kupanga. Tumpale akaja na wenzake wawili, akavuta kiti.

"Ugonile, kaka," akamsalimu Kinyakyusa.

"Ndaga. Tusichelewe. Sisi ni hiki hapa. Tunafagia ukuta wa mbali, tunarudi katikati, tunamwaga kapuni. Nyinyi…" Akasukuma kizibo cha pili mpaka ukingoni mwa meza. "Nyinyi mnakwenda kona hii ya kushoto. Mkifika, mnazima."

"Tunazima?"

"Mnazima. Sihitaji msaada, nahitaji nafasi."

Tumpale alikitazama kile kizibo. "Ila kaka, kushoto, ile roboti yetu…"

"Dada, kushoto ni kushoto. Hata baiskeli inakata kushoto."

Vijana wa Ikombo wakaangua kicheko. Tumpale akalimeza neno lake, akainuka taratibu.

"Haya. Kona tumepewa, kona tutakwenda."

Filimbi ikalia. Sekunde ishirini za kwanza zilikwenda kama daftari lilivyosema, na Anyisile, aliyekuwa akirukaruka nyuma ya mstari, akaanza kuonja Dodoma mdomoni. Roboti yake ilifagia ukuta wa mbali, ikageuka na mipira tisa, ikaja katikati. Na katikati ikaikuta ya Isuvi.

Roboti ya Isuvi ilikuwa inajaribu kwenda kushoto. Ilisonga mbele, ikarudi nyuma, ikasonga tena, ikarudi tena, kama lori linalotafuta kuingia kwenye kichochoro, na kila ilivyorudi ilizidi kuingia katikati ya uwanja. Mkono wa kufagilia wa roboti ya Ikombo ukapita chini ya lile bati, ukanasa. Subilaga akavuta huku, mwendeshaji wa Isuvi akavuta kule.

"Fungueni nira!" mtu akapiga kelele kutoka jukwaani. "Ng'ombe wenu hawalimi!"

Ukumbi mzima ukacheka. Zilipoachana, zilikuwa zimebaki sekunde thelathini. Mechi ikaisha kumi na nane kwa sitini.

Anyisile alilipiga daftari sakafuni. "Nilisema kona! Kona hamuijui?"

"Tunaijua," Tumpale akasema. "Ndiko tulikokuwa tunakwenda."

"Mnakwenda huku mnarudi nyuma?"

"Magurudumu yetu hayapindi. Yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, basi. Nilitaka kukwambia, ukanipa habari za baiskeli."

Waliosimama karibu wakaguna, "Mmh!" Anyisile akahisi masikio yanawaka.

"Ungesisitiza!"

"Nikusisitizie wewe? Wewe mechi ulishaimaliza mezani. Sisi tuliletwa kuthibitisha tu."

Anyisile aliokota daftari lake. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Subilaga akamfuata, akamshika mkono wa shati.

"Tuna nusu saa, Anyi. Tunahitaji kuwapita kwa pointi arobaini na nne. Peke yetu hatuzipati. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Unakijua cha kumuuliza."

Anyisile alikuwa mtu ambaye kukosea kulimuuma kuliko njaa, na kukosea mbele ya watu kulimuuma zaidi. Lakini aliyaona akilini magunia yale, akaona mlango wa chumba chake umezibwa nayo. Akarudi kwa Tumpale, akasimama mbele yake, macho chini.

"Inatembeaje?"

"Hiyo haisimuliwi," Tumpale akasema. "Njoo uone."

Wakatoka hadi kwenye baraza ya nyuma ya ukumbi. Wanafunzi wa Isuvi wakaokota chupa tupu za maji, wakazitawanya kando ya ukuta. Mwendeshaji wao akabonyeza rimoti. Krrr-kah! Krrr-kah! Roboti ikaegemea ukuta kama mlevi anayerudi nyumbani, bati likakwaruza, na ikaenda. Haikuyumba hata kidogo. Ilizikusanya chupa zote, kumi na nne, ikazisukuma mpaka mwisho wa baraza bila kudondosha hata moja, kisha ikarudi kinyumenyume palepale ilipoanzia.

Anyisile alikuwa amekaa sakafuni. Subilaga alilitazama lile goti lake, akaona limetulia.

"Kwa nini inajisugua ukutani?"

"Haijisugui. Ukuta ndio usukani wake."

"Na mipira iliyo mbali na ukuta?"

"Hiyo hatuiwezi. Hiyo ingekuwa kazi ya mwenzetu, kama tungekuwa na mwenzetu."

Neno hilo lilimwingia, akaliacha likae. Akachomoa kalamu, akawa anachora palepale kwenye saruji. "Basi sikiliza. Ukuta mrefu ni wenu wote, mpaka kapuni. Sisi hatuendi kapuni kabisa. Tunakaa katikati, kazi yetu kuisukuma mipira ije ukutani kwenu. Kwenda na kurudi mnatumia sekunde ngapi?"

"Ishirini na nane, ukuta ukiwa laini. Wa pale una misumari miwili inachomoza, nimeipapasa asubuhi. Weka thelathini."

Anyisile akamtazama. Yeye hakuwa amezipapasa kuta.

Mechi ya pili, ukumbi ulianza kwa kucheka na ukaishia kusimama. Roboti ya Ikombo ilihangaika katikati kama kuku anayeparua, ikirusha mipira kulia, na ile ya Isuvi ikapita ukutani ikizoa, ikamwaga, ikarudi, ikazoa. Yule aliyewaita ng'ombe sasa alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake. Anyisile alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, macho yake yakiruka kutoka kapuni hadi kwenye saa, kutoka kwenye saa hadi kapuni. Sekunde kumi. Isuvi ilikuwa inakuja na mzigo wa mwisho. Sekunde tano. Bati limejaa. Sekunde mbili.

Filimbi ikalia, mipira mitano ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni mwa kapu.

Sabini na nne kwa thelathini na sita. Mwamuzi akajumlisha mechi zote mbili, akasoma polepole: bluu tisini na mbili, nyekundu tisini na sita.

Pointi nne. Mipira miwili ingewasawazisha, mitatu ingewapeleka Dodoma. Na katika mechi ya kwanza mipira ilikuwa imelala ukutani dakika mbili nzima, haina wa kuizoa.

Mkuu wa shule alishuka kutoka jukwaani, akawapa vijana wake mkono mmoja mmoja. "Ile ya pili mmecheza," akasema. "Ile ya pili." Jumatatu asubuhi magunia yaliingia. Anyisile mwenyewe aliyabeba, kwa kuwa hakutaka kubebewa.

Alidhani akishayabeba atatulia. Hakutulia. Usiku aligeuka kitandani, darasani aliitazama ramani ya ukutani asiione. Kilichomrudia hakikuwa zile pointi nne. Kilikuwa kile kiti kikivutwa, msichana akiinuka, na neno likimezwa. Jumamosi akaondoka alfajiri, akapanda milima kwa miguu, mashamba ya chai huku, migomba kule, na jua lilikuwa limeshapanda alipofika Isuvi. Akawakuta wenyewe kwenye kibaraza cha darasa, wamezunguka roboti yao, wanapiga randa ubao mpya.

"Umefuata nini, kaka?" Tumpale akauliza, randa mkononi. "Mashindano yameisha."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya kona au ya baiskeli?"

Wenzake wakacheka. Anyisile naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, kisha cheko likamwisha.

"Ya vyote. Na ya neno nililokukata."

"Radhi tumepokea. Ndaga fijo, asante sana. Lakini radhi ni ya jana." Akapuliza maranda kwenye ubao. "Mimi nauliza ya kesho."

Maneno aliyoyajibu Anyisile pale yalitembea. Yalishuka mlimani na wanafunzi, yakaingia kwenye kumbi za mashindano, yakatoka yakaenda sokoni na kwenye vikao vya harusi, na watu wakayapunguza, wakayatia mizani, mpaka yakawa haya mnayoyasikia: Mwenzi usimpe kona kabla mwendo hujaona. Lakini siku ile hayakuwa na mizani. Kijana alisimama kibarazani na vumbi la safari miguuni, akayasema kwa sauti, timu nzima ya Isuvi ikisikia:

"Tumpale, nakuahidi mbele ya wenzako. Maadamu nina uhai, simpi mtu kona tena kabla sijamwona akitembea. Na mwakani, kura initupe na yeyote, nitakwenda kwake kwanza, nitakaa sakafuni, na sitachora hata mstari mmoja mpaka aniambie mwenyewe: umeshaona."