Kibaba cha Mfuto

Ngano yaja!

Na ije, tumeketi!

Itikieni kwa nguvu, mabingwa wa kusinzia nyie! Fundi wa ngano ndiye mimi, na leo nitawatia baridi jua likiwaka.

Kale, kale ya kale, chumvi ilikuwa na wauzaji wawili tu: Bi Pimbi upande huu wa bonde, Bwana Fisi upande ule. Huyu akijaza kibaba kikafanya kilele, yule anajaza na nyongeza juu. Wanyama wakawa wanachekelea tu.

Fisi akamwendea Pimbi. "Jirani, tunauana bure. Tuuze kibaba cha mfuto, tukifute juu kwa kijiti, nyongeza marufuku. Watakwenda wapi? Chumvi ni mimi na wewe."

"Na ukinigeuka?"

"Tule kiapo."

Wakaenda kwenye kichuguu kikongwe, kile kisichoota hata jani. Wakaapa: atakayeongeza hata chembe, kichuguu kimle kivuli. Mle ndani kitu kikameza mate. Gudu! Walisikia wote wawili, kila mmoja akajitia hakusikia.

Basi wanyama wakapimiwa mfuto. Wakanung'unika, wakanunua. Pimbi akanenepa mashavu.

Alasiri moja akaja mteja kajitanda kaniki gubigubi. Nguo inachezacheza kwa ndani, kama maji yanayotaka kuchemka. Sauti yake, majani makavu yanatafunwa.

"Nyongeza, Bi Pimbi. Mwenzio kaniongeza."

Moyo ukamlipuka Pimbi. Lo, Fisi kanizunguka! Wateja wote watahamia kwake! Akadondosha chembe. Akatazama chini: kivuli chake hakina masikio.

Kesho yake mteja yuleyule. "Mwenzio kazidisha." Pimbi akawawazia wateja wakishika njia ya kwa Fisi, akatia konzi nzima. Kivuli kikabaki miguu mitupu.

Mara ya tatu: "Mwenzio kajaza kilele."

Pimbi akafumba macho, akajaza kilele. Alipofumbua, chini hapana kitu. Kaniki ikaanguka, bwete! Haikuwa na mtu. Mchwa wakamiminika humo kurudi kichuguuni, kila mmoja kabeba kijipande cha giza.

Pimbi mbio kwa Fisi. "Mlaghai! Umevunja kiapo!"

"Mimi? Ulianza wewe! Mteja kaniambia."

"Mteja gani?"

"Wa kaniki."

Wakatazama chini pamoja. Jua linawaka, na mchanga mweupe pe.

Wachuuzi wazima, jamani! "Mwenzio kaniongeza" ndio ulimi wa kila mnunuzi gulioni, na wao wakaumeza mzimamzima!

Wanyama walipoona wauzaji wasio na vivuli, wakatimka, wakaenda kulamba chumvi wenyewe ardhini. Tangu hapo Fisi hutembea gizani, asikohesabiwa kivuli, na Pimbi hujibana kwenye vivuli vya majabali.

Waliopatana kumkamua mteja hawaaminiani, na wasioaminiana uongo mmoja huwamaliza wote.

Ngano yangu nimeifunga kamba. Mwenye kubisha, akasimame juani, ajitazame.