Kengele ya Elinami

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu wakati mimi bado nina meno yangu yote, palikuwa na mume na mke huko juu milimani Upareni, kwenye tangawizi na ukungu. Mume aliitwa Elinami. Mke aliitwa Nakiete. Kaeni vizuri, na wewe mwenye simu iweke mfukoni, maana nikimaliza nitakuuliza, na usiponijibu tutakosana.

Elinami alikuwa na sauti. Jamani, sauti! Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na akiishusha ile besi yake benchi zinatetemeka. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, na kwenye mkutano wa uamsho akasimama mbele ya watu wote akasema ameokoka, akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Nakiete alimpenda siku hiyohiyo. Hilo alinisimulia mwenyewe, bila aibu yoyote.

Walioana, wakapata mtoto mmoja, msichana, Nanzia. Wakamlea kwa mapenzi yote. Kisha Nanzia akaugua. Kanisa likafunga na kuomba. Kwaya ikaenda kuimba kando ya kitanda, wazee wakaweka mikono, na Elinami mwenyewe akapiga magoti mpaka magoti yakachubuka. Akawa anasema kwa uhakika kabisa, "Mtoto wangu atapona, nimeshaahidiwa." Nanzia hakupona.

Jumapili iliyofuata baada ya maziko, mchungaji wa wakati huo, Mungu amrehemu, alisimama akasema tumshukuru Mungu kwa kuwa amesikia maombi yetu. Sijui alikuwa na maana gani. Labda na yeye alichoka. Elinami akainuka kutoka safu ya besi. Akavua joho la kwaya. Akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, kama mtu anayelirudisha kabatini, akaenda akaliweka madhabahuni. Akasema, na sauti yake nyote mnajua ilivyokuwa, "Nakurudishia. Na wokovu wako chukua. Sitaki kuwa na chako chochote."

Akatoka. Kanisa zima mdomo wazi.

Wakamsubiri atubu. Hakutubu. Wazee wakaenda nyumbani, wakanywa uji wake, wakarudi na jibu lilelile. Mwishowe wakamtangaza kuwa ametengwa. Sasa, kwa wageni: huko kwetu mtu aliyetengwa hali meza ya Bwana, na akifa kabla ya kurudi kundini hapigiwi kengele. Anatoka nyumbani kwake kimyakimya mpaka shimoni, mchungaji hayupo. Na kengele milimani si mapambo. Watu wako mashambani, miteremko ile na ile. Kengele ya msiba ikilia, majembe yanashuka, kila mtu anasema, "Mwenzetu ameondoka," wanakuja. Isipolia, unazikwa na majirani wa karibu na mbuzi wako.

Sasa sikilizeni ukaidi wa Elinami. Alitoka kanisani lakini hakwenda mbali! Kila Jumapili alimsindikiza mkewe mpaka mlangoni, halafu akaenda kukaa kwenye ukuta wa mawe chini ya dirisha. Mvua ikinyesha, anafungua mwavuli. Jua likiwaka, anafungua mwavuli uleule. Ibada ikiisha, anamchukua mkewe, wanarudi.

Mbonea alimwendea. Huyu Mbonea alikuwa mzee wa kanisa, na rafiki yake tangu wanachunga mbuzi pamoja. Akamwambia, "Elinami, ingia."

"Nilishatoka."

Ndeshiwa akamwendea, mwalimu wa kwaya, mama mwenye ulimi, hana dogo. Akamwambia, "Elinami, ingia. Umeniachia besi za kitoto."

"Nilishatoka."

Nakiete naye, wakiwa jikoni wanakula, akamwambia, "Baba Nanzia, kwani hujachoka? Ingia basi."

"Nilishatoka, mke wangu. Hebu nipe mboga."

"Kwa hiyo Mungu humwamini tena?"

Elinami akatafuna kwanza, akameza. "Kumwamini ni jambo lingine. Mimi na Yeye tumenuniana."

Hivyo ndivyo walivyoishi, nywele zikawa nyeupe. Kumbukeni pia kwamba mtu akifa pale kijijini, wa kwanza kufika na jembe kuchimba kaburi alikuwa Elinami. Alichimba, akafukia, na mchungaji akianza kusoma yeye anasogea kando.

Mvua za masika zikamwangusha kitandani, kifua kikambana. Mbonea alikwenda kila siku. Siku moja akashindwa kuvumilia, akamshika mkono, akalia kama mtoto. "Ndugu yangu, sema neno moja tu. Sema umerudi. Mimi mwenyewe nitakimbia kumleta mchungaji."

Elinami akamwangalia kwa mapenzi sana. Akasema kwa shida, "Mbonea, nirudi leo kwa sababu naogopa kufa? Huo si utu. Yeye akinitaka, anajua ninapokaaga kila Jumapili."

Hakusema jingine. Asubuhi iliyofuata akafa, kichwa kikiwa mapajani mwa Nakiete.

Basi asubuhi ileile watu wakakutana kanisani, pale chini ya kengele. Jeneza linapigwa misumari nyumbani, kaburi linachimbwa na vijana wasiojua kuchimba, na kengele imenyamaza. Nakiete akaja kwa miguu yake, amejifunga khanga kiunoni. Mchungaji alikuwa kijana, Senkondo, ndiyo kwanza aletwe kutoka kule tambarare. Nakiete akamwambia, "Mchungaji, mume wangu amelala. Nimekuja kuomba kengele."

Mchungaji akageuka. Akawatazama wazee wake.

Mbonea ndiye aliyeanza, na macho yalikuwa mekundu. "Shemeji, nisamehe. Hapa hakuna anayempenda Elinami kuliko mimi, tukikutoa wewe. Lakini kengele hiyo inasema mtu amefia ndani. Yeye alitoka. Hakufukuzwa, alitoka kwa miguu yake, akarudisha alichopewa, akasema kwa mdomo wake chukua. Mungu hamshiki mtu kwa nguvu kama mbuzi wa kuuza. Zawadi uliyopewa unaweza kuirudisha, na yeye aliirudisha. Nilimwomba siku zote, nikamwomba mpaka jana. Kama alikuwa hawezi kuupoteza wokovu, mimi nilikuwa nalia kitu gani miaka yote hii?" Akashindwa kuendelea, akajifuta uso kwa kofia.

Mwinjilisti Kadeghe akadakia. Huyu alikuwa mtu mwembamba aliyejua maandiko yote, na aliyapanga kichwani vizuri kama vyombo vya harusi. "Mzee Mbonea, unakosea. Wokovu haupotei. Aliyeupata ameupata. Ukiona mtu katoka, ujue hakuwamo. Elinami alikuwa na sauti nzuri, nasi tukadhani sauti ndiyo wokovu. Hakupoteza kitu, kwa sababu hakuwa nacho. Kwa hiyo kengele hapana, ila kwa sababu nyingine."

"Hee!" Ndeshiwa akapiga makofi. "Kadeghe, wewe ulikuwepo alipolia mpaka kola ikalowa? Hukuwepo, ulikuwa hata hujaota ndevu! Mimi nilikuwepo. Na nisikilizeni, mimi huyo Elinami simpendi. Aliniharibia kwaya, ikabaki ya kina mama na mbu. Lakini haki ni haki. Maji ya ubatizo hayakaushwi na jua. Alisema chukua, sawa. Na mtoto wako akikwambia mimi si mwanao tena, jioni hutaacha mlango wazi? Yeye alimwacha Mungu, lakini nani amewaambia Mungu alimwacha? Halafu Nakiete aliniambia, alisema wamenuniana. Nyie, mtu anamnunia asiyekuwepo? Ningekuwa namnunia yule mwanamume wangu mpaka leo kama ningekuwa simtaki? Pigeni kengele."

"Kununa si imani," akasema Kadeghe.

"Wewe oa kwanza."

Watu wakacheka, msibani palepale, hata Mbonea akacheka huku machozi yanamtoka. Ndivyo tulivyo. Lakini Mchungaji Senkondo hakucheka. Alikuwa ameishika kamba ya kengele bila kujua, anaifinyafinya. Akasema, "Mama Nanzia, wewe umeishi naye. Wewe useme. Alikuwa amerudi moyoni? Ukiniambia alirudi, nitapiga sasa hivi."

Mnaona alivyomfungulia njia? Neno moja tu la uongo, tena uongo wa huruma, nani angemlaumu? Hata Mbonea aliinua kichwa, akamtazama kama anayemwomba aseme ndiyo.

Nakiete akasema, "Sijui, Mchungaji. Nimelala naye kitanda kimoja na sijui. Sitamsingizia maneno ambayo hakuyasema."

Kamba ikatulia mkononi mwa mchungaji.

"Lakini kuna moja ninalolijua," Nakiete akaendelea. "Siku ile alipoweka joho madhabahuni, mimi nilikuwa nimekaa benchi la kina mama. Na maneno aliyoyasema yeye kwa mdomo, mimi niliyasema moyoni. Yote. Nilisema chukua na wokovu wako. Nilimaanisha kuliko hata yeye, maana mtoto nilimzaa mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliinuka, mimi magoti hayakuniinua. Basi mkaniona nimekaa, mkasema, oneni imani ya Mama Nanzia. Mkanipa ukatibu wa umoja wa wanawake."

Ndeshiwa, ambaye ulimi wake haulali, aliweka mkono mdomoni.

"Shemeji," Mbonea akasema polepole, "lakini wewe ulibaki."

"Nilibaki kwa kukosa nguvu ya kutoka. Nilikula meza ya Bwana sina kitu ndani, mkavu. Nikaimba sina kitu. Halafu, sijui siku gani, wokovu ukaniota tena. Kama nywele baada ya kunyoa msiba. Hakuna mtu anayeiona siku nywele zinapoota, unashika kichwa tu unakuta zipo. Sikutubu mbele ya mtu. Hakuna aliyenirudisha kundini, kwa sababu hakuna aliyejua nimetoka. Haya, niambieni. Kadeghe, mimi nami sikuwahi kuwa nao? Mbonea, mimi nami niliurudisha? Na kama wangu uliota gizani bila mtu kuuona, nani kati yenu alimpapasa mume wangu kichwa akakuta kipara?"

Kadeghe akafungua Biblia kutafuta andiko. Akaifunga. Mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kumbe tulikuwa wawili," Nakiete akasema, na sasa sauti ilikuwa inamkatika, maana uchungu aliokuwa ameubana tangu alfajiri ulipanda wote kwa pamoja. "Mmoja mlimwona, mmoja hamkumwona. Mimi nampenda Yesu, Mchungaji, nampenda kweli, sikufichi. Na Elinami nampenda. Sitaki siku yangu ikifika mnipigie kengele mlima mzima usikie, wakati yeye ametoka kimya kama mwizi. Kama leo hamumpigii yeye, basi mimi msinipigie kamwe. Na kama mtanipigia mimi, mnaniambia nini kuhusu yeye?"

Akakaa chini, palepale kwenye nyasi zenye umande, akalia. Ndeshiwa akakaa naye, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mbonea akavua kofia. Mashambani kule watu walikuwa wanalima, hawajui lolote. Na Mchungaji Senkondo, kijana wa watu, amesimama na kamba mkononi. Akiivuta, anautangazia mlima kwamba mtu anaweza kusema chukua, asirudi hata dakika ya mwisho, na bado akawa wa Mungu. Asipoivuta, anamwambia huyu mama mwaminifu aliyeketi miguuni pake kwamba na yeye alikwisha kupotea siku nyingi, ila hakujulikana.

Mimi ningewaambia alichofanya, lakini mngeacha kufikiri, nawajua. Mkishajua mchungaji kafanya nini mnapiga miayo mnakwenda kulala. Nami nikisimulia habari hii, leo namwonea huruma Mbonea, kesho nambeba Ndeshiwa, na kuna siku, Mungu anisamehe, hata Kadeghe namwona ana haki kidogo.

Basi nijibuni ninyi. Wawili walisema neno moja, siku moja, juu ya mtoto mmoja. Mmoja akatoka, akakaa chini ya dirisha mpaka akafa. Mmoja akabaki ndani akiwa amekwisha kuondoka, wokovu ukamrudia asijue lini. Je, nani kati yao aliupoteza wokovu? Elinami? Nakiete? Wote? Au hakuna?

Wewe hapo, usimtazame mwenzako. Ile kamba ingekuwa mkononi mwako, na mama yule analia miguuni pako, je, ungeivuta?