Mazoezi ya Kukata Utepe

Hapo zamani za kale, tena ile zamani ya kwanza kabisa, ikiwa bado mpya, mimi nilikuwepo. Msinicheke! Nilikuwepo kwa miguu yangu hii miwili, nimekaa jiwe la tatu kutoka mlangoni, natafuna karanga mbichi. Mtu akiwaambia habari hizi amezisikia, mwambieni akalale. Mimi nimeziona. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu yana digrii.

Basi, kulikuwa na nchi ya wanyama wakulima, inaitwa Nyamatope. Wakulima haswa! Mahindi yao marefu mpaka mawingu yakipita yanachanika, chaaa, mvua inamwagika hapo hapo. Boga moja lilishushwa kilimani na wanyama arobaini, na watatu wakahamia ndani yake na wake zao. Hilo nalo nimeliona.

Chakula tele. Kilichokosekana ni dawa. Masika yakifika, mbu wa Nyamatope walikuwa wakubwa kama kuku. Akitua mmoja juu ya bati, unasikia ngwa! Homa ikawa inaingia nyumba hata nyumba bila kupiga hodi.

Wakasema, tujenge zahanati. Na wakajenga wenyewe! Punda akasomba mchanga. Nyani wakafyatua tofali. Mama Nyemo akateka maji kwa kifuu tangu kiangazi mpaka masika. Huyu Mama Nyemo alikuwa pimbi, kale kanyama ka mawe, hakana mkia, ukikatazama vibaya utadhani panya aliyeshiba ugali. Mdogo, lakini kichwa chake! Ngojeni.

Dawa zikaletwa, makasha manane. Nesi akaletwa, Nesi Korongo, miguu mirefu, koti jeupe. Dawa zikapangwa kwenye rafu.

Halafu? Halafu utepe.

Mwenyekiti wa Nyamatope alikuwa Mheshimiwa Kiboko. Akafunga utepe mwekundu mlangoni, akasimama tumbo mbele.

"Hakuna kuingia! Zahanati bado haijafunguliwa. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tembo, atakuja kukata utepe. Mpaka siku hiyo, asiguse mtu!"

"Atakuja lini?" wakauliza.

"Karibuni."

Karibuni! Watoto, neno hilo mlijue. Mimi nimeona mlima ukiota ndevu kwa kungojea karibuni.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tano. Kila asubuhi Kasuku, mtangazaji wa habari, anapanda juu ya paa la zahanati: "Habari za asubuhi! Afya Nyamatope ni shwari! Zahanati ya kisasa imekamilika! Wananchi wana furaha isiyo kifani!"

Na chini ya paa hilo hilo, wananchi wamejilaza barazani, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka. Nesi Korongo amekaa nje ya utepe na koti lake jeupe, anawapepea kwa bawa. Dawa anaziona dirishani!

Bi Kanga alizika vifaranga wawili kwa siku moja. Hapa sitaki mtu acheke. Mheshimiwa Kiboko alikuja msibani, akapewa kiti cha mbele, akala wali sinia tatu, kisha akasimama kutoa rambirambi.

"Ndugu zangu, laiti marehemu wangekuwa na subira kidogo."

Subira! Mlisikia wapi kifaranga akaambiwa ameshindwa kusubiri? Mimi nilishaokota jiwe. Nililiweka chini kwa huruma tu, maana jiwe nikilirusha mimi halitui, linavuka mpaka wa nchi.

Wiki ya sita, homa ikaingia kwa Mama Nyemo. Mwanawe, Nyemo mwenyewe, mtoto wa pekee, aliamka anaungua kama jiko. Mama akambeba mgongoni, mbio mpaka zahanati.

"Nesi, mwanangu!"

Nesi Korongo akamgusa paji la uso, akarudisha bawa haraka. "Shoga, hii ni malaria kali. Dawa ipo, ile pale, rafu ya pili. Dozi ya siku tatu anapona. Asipoipata leo au kesho..."

"Basi pita chini ya utepe umpe!"

"Nilijaribu juzi. Mheshimiwa ameapa utepe ukiguswa, dawa zote zinarudishwa zilikotoka. Wote tutakosa."

Mama Nyemo akamwacha mtoto kwa nesi, akaenda kwa Mheshimiwa. Alimkuta ndani ya tope lake, anakula ugali wa kinu kizima.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama ni habari za utepe, rudi nyumbani."

"Mwanangu anakufa, Mheshimiwa."

"Pole sana. Tutampa nafasi ya kwanza Tembo akifika. Andika jina."

Mnasikia? Andika jina! Mwingine angelia. Mwingine angetukana. Mama Nyemo akasogea karibu, nikaona masharubu yake yanacheza, nikajua: hapa Kiboko kaisha.

"Wala sikuja kwa habari za utepe wa zahanati," akasema. "Nimekuja kwa habari ya aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako, Mheshimiwa. Mungu aiepushe. Umewahi kukata utepe wewe?"

Kiboko akaacha kutafuna. "Mimi? Anayekata ni Tembo."

"Tembo! Kwa mkonga ule? Mkasi ataushika na nini? Atageuka mbele ya watu wote aseme, 'Mwenyekiti, nisaidie.' Kasuku yuko juu ya paa, nchi nzima inasikiliza. Mkasi unaukamata, unakwenda kwacha, kwacha, utepe haukatiki. Watoto wanacheka. Kesho yake habari ni hiyo."

"Mungu wangu!" Kiboko akapaliwa na ugali, kho! Tonge likaruka, likaua mbu wawili.

"Hata kwaya inafanya mazoezi kabla ya Jumapili," akasema Mama Nyemo taratibu. "Sembuse mwenyekiti."

"Mazoezi!" Kiboko akainuka, tope likamwagika, vuuu, likafunika shamba zima la viazi. "Twende sasa hivi!"

Wakaja. Kiboko akashika mkasi kwa meno, kwacha! Utepe ukadondoka.

"Eee! Safi!" akapiga makofi Mama Nyemo. "Sasa mgeni anaingia ndani. Anakuta nini?"

"Anakuta rafu."

"Rafu! Mgeni atoke huko kwao aje kutazama mbao? Anakuta mgonjwa anapewa dawa. Mgonjwa yuko wapi?"

"Tuchukue mtu ajifanye anaumwa," akasema Kiboko.

"Atacheka! Mimi nawajua hawa. Tuweke anayetetemeka kweli. Bahati nzuri kuna mmoja hapa barazani." Akamnyanyua Nyemo.

"Na dawa? Tutie maji."

Hapo Nesi Korongo, ambaye alikuwa akimtazama Mama Nyemo, akaelewa. Akakohoa kidaktari. "Mheshimiwa, mtoto akinywa maji hakunji uso. Mgeni atajua ni mchezo. Dawa kali ndiyo inakunja uso."

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo," akasema Kiboko.

Nyemo akanywa. Gubu! Uso ukajikunja ukawa kama ndimu iliyokanyagwa. Kiboko akafurahi mno. Kisha Nesi akaunga utepe kwa fundo, akafunga mlango.

Dozi ya kwanza hiyo. Lakini dozi ni siku tatu, watoto. Mnakumbuka?

Siku ya pili Mama Nyemo alikwenda mapema. "Mheshimiwa, jana umekata vizuri, ila ulitangulia kwa mguu wa kushoto."

"Kumbe!" Wakarudia. Nyemo akanywa tena, na safari hii Mama Nyemo akaleta wagonjwa kumi. "Zahanati ya mgonjwa mmoja inaonekana masikini, Mheshimiwa." Kumi nao wakanywa.

Siku ya tatu, mambo yakaharibika. Kiboko kagoma.

"Nimeshajua. Mguu wa kulia, kwacha, natabasamu. Mazoezi basi."

"Mara moja tu ya mwisho, Mheshimiwa."

"Basi nimesema! Mnanichosha. Na hizo dawa zinapungua, mgeni atakuta nini?" Akazama topeni, yakabaki matundu ya pua.

Mama Nyemo akasimama pale. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka, lakini Nesi alishamwonya kwamba ukikatisha dozi, inarudi na ndugu zake. Na nyuma yake kulikuwa na wale kumi, na nyuma ya wale kumi, Nyamatope nzima.

Kisha akageuka kama anayeondoka, akasema peke yake, lakini kwa sauti: "Afadhali. Acha Kasuku aseme anayoyasema, na sisi tunyamaze."

Matundu ya pua yakapanda juu. "Kasuku anasema nini?"

"Achana naye, Mheshimiwa. Domo lile."

"Sema!"

"Eti jana ulikata utepe kama mtu anayechinja kuku wa wizi."

Weee! Kiboko alitoka kwenye tope lile kwa kishindo, samaki wakaangukia wilaya ya jirani. "Nani? Mimi? Kuku wa wizi? Huyo Kasuku yuko wapi?"

Kasuku masikini, alikuwa juu ya paa anachambua unyoya, hajasema lolote. "Ha-habari za asubuhi, Mheshimiwa..."

"Kaa hapo hapo utazame! Leo nakata mara tano! Leteni wagonjwa! Leteni wengi, nisionekane masikini!"

Wakaja, jamani! Wakaja na vikapu, na machela, na wengine wamebebana. Kwacha! Wanakunywa. Fundo. Kwacha! Wanakunywa. Fundo. Nyemo akamaliza dozi yake, akaomba ugali. Mama yake akageukia ukutani, akalia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, akafuta, akarudi kupiga makofi.

Tangu hapo haikupita asubuhi bila kasoro. Leo Mheshimiwa kapiga chafya. Kesho kasahau kuinamisha kichwa. Keshokutwa hotuba fupi. Mazoezi yalifika sabini, na mimi nilihesabu kwa vidole vyangu mwenyewe.

Mwisho wa masika, siku hiyo, ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Mheshimiwa Tembo huyo, na ngoma, na vumbi.

Akafika mlangoni. Akautazama utepe. Ulikuwa mafundo matupu, kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekonda.

"Huu ni utepe au kamba ya kufungia mbuzi?" akauliza. "Na wagonjwa wako wapi niwasalimie?"

"Leteni wagonjwa!" akaamuru Kiboko.

Watu wakatazamana. Nyemo alikuwa anaruka kamba na vifaranga wa Bi Kanga waliosalia.

"Hakuna mgonjwa, Mheshimiwa," akasema Nesi Korongo.

"Basi onyesheni dawa!"

Rafu nyeupe pee. Kiboko akageuka polepole, akamtazama Mama Nyemo. Ndipo akili ikamwingia, kwa shida, kama ng'ombe anayeingia banda la kuku.

"Pimbi! Umenifanya mjinga!"

"Mimi, Mheshimiwa? Mimi nimekufanya hodari. Nani mwingine nchini amekata utepe mara sabini?"

Tembo akapandisha masikio. "Kumbe zahanati hii imeshafunguliwa bila mimi?"

"La, hasha!" akasema Mama Nyemo, mikono kifuani kwa adabu. "Haijafunguliwa hata siku moja. Yalikuwa mazoezi."

"Na hawa waliopona?"

"Wamepona kwa mazoezi, Mheshimiwa. Ila wale vifaranga wawili wa Bi Kanga, wao walikufa kweli. Walikuwa wanakusubiri wewe."

Bi Kanga akapita mbele, akasimama chini ya mkonga wa Tembo. Alimtazama tu.

Tembo akayashusha masikio yake. Akaung'oa ule utepe, pwaa, akamvisha Kiboko shingoni. "Nenda nao. Na mlango huu usifungwe tena, nije nisije." Watu wakamzomea Kiboko, "Huyooo!", naye mbio, chubwi, mtoni. Ndiyo maana mpaka leo mchana hatoi mwili wote majini.

Basi shikeni hili: homa haimjui mgeni rasmi, na mwenye dawa anayengoja kupigiwa makofi ni muuaji kama mbu.

Mnanitazama nini? Haya, mmenibana. Yote niliyosema nimeyaona, boga, samaki, sabini, yote. Moja tu nimelitunga: Tembo. Tembo hakuja. Nilimleta mimi, kwa sababu nilitaka sana kumwona Kiboko anazomewa. Nilipopita pale mara ya mwisho, Kiboko alikuwa anauliza ashike mkasi upande gani, Mama Nyemo anamwambia kidevu juu kidogo, Mheshimiwa, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mtoni.