Kondoo Aliyesingiziwa Umbuzi

Kaeni vizuri mnisikilize. Hadithi yangu ina nyama na ina kamba, ila mwisho haina. Mwisho nitaudai kwenu, na asiye na la kusema asije akaniomba karanga.

Katika mji mmoja wa Ugogoni walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mzee Ndahani, muuza supu, alikuwa na ulimi; ukimwonjesha mchuzi atakwambia nani kaukoroga. Talima alikuwa na mikono. Alikuwa mshoto, na fundo alilofunga yeye halikufunguka mpaka uite kisu. Bi Sikitu, mpishi mkuu wa shughuli zote, alikuwa na kumbukumbu. Alijua nyumba gani haili kambale, nani dengu zinamwasha, na ukoo gani umekatazwa kondoo tangu enzi za mababu. Hakuna aliyethubutu kuinjika sufuria ya harusi kabla ya kumuuliza yeye.

Katika mji huohuo Bi Mboni alikuwa na karakana ya nyama ya kusaga. Akina mama walisaga, wakatia kwenye pakiti, wakafunga kwa uzi na kubandika lebo. Sasa nyama ikishasagwa, humjui mbuzi wala kondoo, kwa hiyo wao walifuata siku. Jumanne ilikuwa ya mbuzi, Alhamisi ya kondoo, miaka nenda miaka rudi. Mazoea yana tabu, jamani. Wiki moja ukatokea msiba mkubwa, mbuzi wote wa mnadani wakanunuliwa kulisha waombolezaji, na Jumanne, Bi Mboni mwenyewe akiwa msibani, karakana ikachinja kondoo. Lebo zikabandikwa za mbuzi, kwa sababu ilikuwa Jumanne.

Pakiti ya kwanza kutoka ilinunuliwa na Mzee Ndahani. Akapika, akala bakuli lake kama kawaida, mafuta yakamganda kwenye kaakaa. Ukoo wake ndio ule uliokatazwa kondoo, na ladha ile aliijua tangu alipokuwa mchungaji, alipokula kwa rafiki zake akachapwa. Angeweza kumwaga supu na kujifuta mdomo, na nani angejua? Yeye akaenda karakana.

"Bi Mboni, hii ni kondoo."

"Una hakika, mzee wangu?"

"Ninayo. Ningependa nisingekuwa nayo."

Bwana afya akaitwa. Akafungua friji kubwa lililojaa pakiti zenye lebo ya mbuzi, akakagua, akanusa, akafunga.

"Nyama ni nzima," alisema. "Uongo uko kwenye lebo. Lakini siwezi kuacha iuzwe hivi. Kesho alasiri nijibiwe maswali matatu. Ni nyama gani? Ni pakiti zipi? Na nani ataila huku akijua anachokula? Moja likikosa jibu, naziteketeza zote kwa mafuta ya taa."

Bi Mboni alishika kichwa. Mali yake yote ilikuwa ndani ya friji lile. Ikiungua, mashine zinauzwa na akina mama wanarudi nyumbani mikono mitupu. Tena ulikuwa msimu wa njaa, kuna nyumba zilizokuwa zikila ugali kwa chumvi. Kuchoma nyama nzima mbele ya watu kama hao ni dhambi. Mimi nasema hivyo, na anayebisha alale na njaa kwanza ndipo tubishane.

"Atakayeiokoa nyama hii," akaapa Bi Mboni mbele ya wote, "mtamba wangu mwekundu ni wake."

Kesho yake watu wakajaa karakana, na swali la kwanza lilijibiwa na Mzee Ndahani. Alisimama hadharani akasema ni kondoo, na kwamba amemla. Wazee wa ukoo wake walikuwapo. Wakamtenga na chungu cha ukoo mpaka atakapotakaswa, na tangu siku ile akawa anakula peke yake. Fikirieni mtu ambaye raha yake yote ni kulisha wenzake.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa ndani ya friji mlikuwa pia na mbuzi wa kweli wa wiki iliyotangulia. Talima, mfungaji pakiti wa karakana, mtoto mchanga mgongoni, alikuwa ametoka likizo ya uzazi Jumatatu ile. Jumanne alifunga na kubandika peke yake, wenzake wakiwa msibani. Jioni mchinjaji, akiaga kwenda safari, akamwambia kwamba waliochinjwa ni kondoo. Aliogopa kufukuzwa, akanyamaza. Sasa akatoka mbele.

"Tafuteni mafundo yaliyopindia kushoto," alisema. "Hayo ni yangu, na hayo ndiyo kondoo. Nilijua tangu jioni ile."

"Nami nikala," akasema Mzee Ndahani.

"Ndiyo, baba. Ulikula kwa sababu yangu."

Pakiti zikatengwa, fundo kwa fundo, mbuzi wa kweli wakasalimika.

Swali la tatu, nalo lilimngoja Bi Sikitu. Alifumba macho akaupitia mji kichwani mwake. Mafundi wa barabara kambini hawana mwiko na kondoo, wapelekewe. Bweni la wanafunzi pia, isipokuwa watoto fulani, akawataja kwa majina ya baba zao. Lebo za mbuzi zikabanduliwa, za kondoo zikabandikwa, na bei ikashushwa iwe ya kondoo. Sufuria ya kwanza aliipika mwenyewe palepale, akala mbele ya watu, na kila aliyenyoosha sahani alimwambia, "Hii ni kondoo. Pakiti ilisema mbuzi, ikasema uongo. Unakula?" Angekosea mtu mmoja tu, asingeitwa tena kwenye shughuli yoyote.

Bwana afya alikuja na dumu la mafuta ya taa, akaondoka nalo limejaa, yeye mwenyewe ameshiba.

Bi Mboni akamleta mtamba kwa kamba. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Bila ulimi wangu," alisema Mzee Ndahani, "mngeulisha mji mwiko huku mnacheka. Na gharama naendelea kuilipa kila nikikaa kula."

"Bila mafundo yangu zote zingeungua," alisema Talima. "Na hakuna aliyenilazimisha kusema."

"Ninyi mlisema," akajibu Bi Sikitu, "na maneno hayashibishi. Mimi ndiye niliyeifikisha vinywani."

"Basi tumchinje, mgawane nyama," mtu akapendekeza.

"Nimchinje mtamba mzima?" Bi Mboni akamkata jicho. "Habari za nyama zimenitosha."

Sasa kamba naikabidhi kwenu. Ukimpa Mzee Ndahani, umemlipa, ila mtamba hamrudishi kwenye chungu cha ukoo wake. Ukimpa Bi Sikitu, sawa, lakini asingekuwa na cha kupika kama wale wawili wasingefungua midomo. Na najua wengi wenu mmeshamruka Talima, mnasema aliyevunja hashukuriwi kwa kuunga. Haya, mnyimeni. Lakini Jumanne nyingine itafika, mfungaji mwingine atakosea, naye kabla ya kusema neno atakumbuka mlichoamua leo.

Je, wewe uliyeshika kamba, ungemkabidhi nani?