Nukta za Kanga

Mwacheni kanga wangu, wajukuu zangu, mnamkimbiza bure. Kaeni hapa mnimenyee kunde, niwaambieni nukta zake zilitoka wapi.

Enzi hizo kanga alikuwa mweusi tii, hana hata doa. Aliishi uani kwa Mwanasiti na binti yake mdogo, Nyevu, aliyekuwa akifundishwa hesabu jikoni: kila yai lililookotwa, nukta moja ya unga ukutani.

Kanga alikuwa na vifaranga wengi, na kumhesabu mtoto kwa kumnyooshea kidole ni mwiko, hata sisi tunauogopa. Basi kila jioni aliuliza tu, "Mmetimia?" Nao, wajinga wale, wakaitika, "Tumetimia." Mara mbili mwewe alimnyang'anya mtoto, naye akajua kesho yake tu, alipoona manyoya njiani. Alilia sana maskini.

Nyevu alimwonea huruma. Asubuhi vifaranga walipotoka bandani mmoja mmoja, alichovya kidole kwenye unga uliolowa, akamtia mama yao nukta mgongoni, moja kwa kila aliyetoka. "Jioni kila anayeingia adonoe yake," alisema. "Hatuhesabu watoto, Mama Kanga. Tunahesabu unga."

Jioni wakaingia, wakadonoa. "Mmetimia?" "Tumetimia." Lakini mgongoni ilibaki nukta moja, nyeupe pee.

Wakati huo Mwanasiti ameshamimina kibaba cha mahindi kinuni, na mchi ameuinua.

"Mama, usitwange," Nyevu alisema. "Kuna mmoja hajaingia."

Mwanasiti aliushusha mchi taratibu, akaingiza mkono kinuni. Chini ya mahindi akamtoa kifaranga, pumba zimemjaa mpaka machoni, kashiba hawezi kutembea, tena amenuna kwa kukatiziwa mlo.

Kanga alicheza ua mzima kwa furaha. "Nitie nyingine, mwanangu," alimwambia Nyevu. "Nitie na za watakaozaliwa, na za wajukuu." Nyevu akatia, akatia, mpaka unga ukaishia shingoni. Ndiyo maana shingo yake imebaki tupu, nanyi msimcheke. Zile nukta hakukubali tena zidonolewe, zikamkaukia manyoyani.

Na tangu siku hiyo kanga ana nukta nyingi kuliko watoto, na kelele zake za jioni ni kuzihesabu, akipotea akaanza upya. Na katika nyumba yetu hakuna anayeuinua mchi kabla mtoto mdogo kuliko wote hajatazama bandani, akarudi akasema, "Wametimia."